Msiniandike

“Samadi ya mbuzi, toroli sita,” mama katibu alisoma kwa sauti huku akiandika. Kisha akainua uso. “Mzee wangu, jina tuweke kamili au hili hili tulilolizoea?”

Mzee alikuwa ameshageuza toroli. Tairi halikuwa na upepo wa kutosha na kila lilipogusa jiwe lilikuwa linalia. Hakusimama.

“Msiniandike.”

Tulicheka, tukidhani ni utani wa wazee. Mama katibu akamweleza kwamba kila aliyeleta chochote cha kuirudisha bustani ya kikundi iliyochukuliwa na mafuriko anaandikwa, kikao kilipitisha hivyo, hata yule mtoto wa nyumba ya kona aliyeleta majivu kwenye kopo la rangi ameandikwa. Mzee akarudia neno lile lile bila kugeuka, akapandisha toroli lake tupu mpaka barabarani.

Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nikaandikwa: jina, nyumba, “kuzoa mchanga, nusu siku”. Nikatia sahihi.

Wiki zimepita na neno lile bado halijanitoka.

Maji yaliacha nini

Masika ya 2024 sina haja ya kuyasimulia, kila anayesoma hapa ana lake. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu alisimama bungeni akasema watu 155 wameshakufa nchini, na kabla hatujakaa sawa, mwanzoni mwa Mei, kikaja kimbunga Hidaya. Kwetu Tabata, Dar es Salaam, upande wa bondeni, hakufa mtu. Kwa hiyo habari ya bustani ilikuwa habari ndogo, na ilistahili kuwa ndogo.

Ila ilikuwa bustani ya watu. Ni ya kikundi, wengi wao akina mama, na iko katikati ya ukuta wa nyumba za mwisho na Mto Msimbazi. Alfajiri wauza mboga walikuwa wakishuka pale, wananunua tuta zima la mchicha au chainizi, wanachuma wenyewe, wanafunga mafungu na kupanda nayo kichwani kabla jua halijachomoza. Kuna ada za shule zilizolipwa na matembele ya pale.

Maji yalipopungua, wigo wa makuti na mabati chakavu ulikuwa umekwenda na mto. Kisima kilikuwa kimefukiwa. Matuta hayakuonekana. Kilichobaki juu ya ardhi kilikuwa cha aina mbili, na mimi niliyenunua mboga pale miaka yote sikuwa najua tofauti yake.

Upande wa mto kulikuwa na mchanga mweupe, safi, wa kujengea, unaofika magotini. Upande wa juu kulikuwa na tope laini, jeusi, linalonuka, lililojaa mifuko, chupa, kandambili za mguu mmoja mmoja na nusu ya godoro. Majirani tulioshuka na sepetu tulianza na tope, kwa sababu ndilo lililotuchefua. Mama mwenyekiti akatusimamisha. Akainama, akachukua bonge, akalivunja kwa vidole mbele yetu.

“Hili tuachieni. Takataka okoteni, lakini udongo uacheni. Toeni mchanga.”

Ukishaelezwa ni jambo jepesi. Maji yakikimbia hubeba vizito, yakipunguza mwendo huvidondosha, mchanga kwanza na udongo laini mwisho kabisa, pale yanapotuama. Mchanga haushiki maji wala mbolea. Ukimwaga mbegu za mchicha juu yake utamwagilia asubuhi na jioni na bado utanyauka. Lile tope ni rutuba ya mashamba ya watu wa huko juu, Pugu na Kisarawe, imesafiri kuja kwetu bila nauli. Kazi yake ni kulivizia. Likiwa bichi linaganda kwenye jembe, likikauka kabisa linakuwa tofali na mbegu haiwezi kulipasua. Kuna siku chache za katikati, na mtu wa bustani huzijua kwa kulibonyeza kwa kidole gumba.

Siku hizo ndizo zilizokuwa zinapita wakati sisi tunabishana kama bustani irudi au isirudi.

Wiki nne

Kikao kilikaliwa chini ya mwarobaini, na sisi majirani tusio wanachama tukaruhusiwa kusikiliza. Nilikwenda nikiwa na wazo kwamba wataulizana watapata wapi fedha. Fedha zilitajwa, lakini kwa ufupi: mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili 2023, na sanduku la kikoba lilikuwa na deni kuliko akiba. Hilo likaisha.

Lililochukua muda ni swali jingine, aliloliuliza mwanachama mmoja wa kiume, mtu mtaratibu, fundi wa pampu. Aliuliza kama kuna maana ya kurudi.

Hoja zake zilikuwa nzito. Mto uliichukua bustani hii Desemba 2011, katika yale mafuriko yaliyofanya watu wa bondeni wahamishiwe Mabwepande. Umeichukua tena sasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na bustani nzima imo ndani ya hizo mita. Serikali ya mtaa inawaona na kunyamaza, lakini kunyamaza si hati. Huko chini Jangwani mradi wa bonde umeshaanza kuwahamisha watu. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022 na fedha za namna hiyo haziji kwa ajili ya mchicha. “Tunawaomba majirani watusaidie kujenga kwenye mkono wa mto,” alisema. “Tutawaangaliaje usoni mwakani?”

Palinyamaza. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wake. Niliona aibu ndogo kuwa na sepetu mkononi.

Aliyemjibu ni mama mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza kwenye mkutano wowote. Hata hakusimama.

“Mchicha ni wiki nne.”

Akaachia hapo kidogo, kisha akamalizia: anayejenga nyumba ndiye wa kuogopa mwakani. Wao mto ukiwaachia wiki nne wameshakula, ukiwaachia tena nne wameshalipa deni. Hawaombi bonde lao la milele. Wanaomba vuli ikawakute na kitu mkononi.

Sijasikia hoja bora kuliko hiyo kuhusu ardhi ya bondeni, na nimehudhuria makongamano. Wataalamu wa mipango miji hupima kwa miaka 20 mbele, na wako sahihi, kwa sababu wanapima nyumba, barabara na madaraja. Yeye alikuwa anapima zao. Kwa kipimo chake bustani kuwa ndani ya mita 60 si ujinga, ni mahali pekee ambapo jiji halitajenga kitu, na kwa sababu hiyo hiyo jembe linapata nafasi.

Fundi wa pampu aliinamisha kichwa, akasema basi yeye ataanza na kisima.

Kile ambacho hakikusemwa kikaoni

Kuna hoja moja ambayo nilitegemea iletwe na haikuletwa. Niiweke hapa, maana najua itakuja kwenye maoni.

Msimbazi si mto safi. Unapita kwenye viwanda na machinjio, na mvua kubwa huufungulia vyoo vya watu. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti juu ya madini mazito, risasi na kadimi yakiwemo, katika mboga za majani zinazolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Si siri, imeandikwa upya mara nyingi. Na kila mtu wa mjini anaikumbuka Agosti 2015, kipindupindu kilipoanzia hapa Dar kikasambaa nchi nzima.

Bwana afya alipita, akasema ya kawaida: kisima kikaushwe na kutiwa dawa kabla ya kumwagilia, mboga zioshwe kwa maji safi na kupikwa, majani ya pale yasiliwe mabichi. Hayo ya vijidudu yanatibika kwa moto wa jiko. Ya risasi na kadimi hayatibiki kwa moto.

Nalijua hilo na bado nanunua. Mchicha wa sokoni nao sijui umemwagiliwa na mto gani, na tofauti ni kwamba wa hapa naweza kumuuliza aliyeupanda. Anayeona jibu hilo halitoshi, simbishii. Akina mama wenyewe hawalioni linatosha. Ndiyo maana fundi wa pampu hakutaka kurudisha bomba mtoni, akang'ang'ana na kisima.

Mchanga una wenyewe

Sasa, nani atoe mchanga ule wote? Tulianza majirani kwa ndoo na matoroli, na jioni ukiangalia huoni tofauti.

Walioutoa ni vijana wa mchanga. Hao ni watu ambao kikundi kilikuwa na ugomvi nao wa miaka, kwa sababu wanachimba mchanga mtoni usiku, na kila wanapochimba ukingo unamomonyoka na mto unasogea kuelekea kwenye matuta. Wakubwa wanakataza, magari yanakamatwa, wiki ijayo wapo. Safari hii walikuja mchana, wamekaa juu ya guta, wakatoa ofa: tunazoa bure, tunachozoa ni chetu.

Nusu ya wanachama waliwaka. Mchanga umewaharibia bustani, halafu wengine wauuze? Na kirikuu moja ya mchanga mweupe si bei ndogo kwa anayejenga. Mama mmoja alipendekeza wagawane nusu kwa nusu. Mwenyekiti akauliza ni nani atakayesimama kuhesabu safari za guta, na kama huyo mtu yupo, si bora ashike sepetu?

Wakakubaliana, kwa sharti moja: ukingo wa upande wa bustani usiguswe tena. Vijana wakasema sawa. Kwa siku chache palikuwa na kelele, vumbi, bongo fleva kwenye simu iliyowekwa ndani ya ndoo ili sauti ipae, na mchanga ukaisha.

Mama katibu akawaita waje waandikwe.

“Hata sisi?” mmoja aliuliza.

“Kwani nyie hamkuja?”

Jirani mmoja alinong'ona kwamba huo si msaada, ni biashara. Labda. Mimi sioni tatizo na msaada wenye faida ndani yake. Matuta yalikuwa wazi, na hilo ndilo lililotakiwa. Kilichonivutia ni namna yule kijana alivyosoma jina lake baada ya kuandikwa, akamrekebisha katibu herufi moja.

Daftari

Ni kaunta buku la kawaida, jalada gumu, lenye mistari iliyopigwa kwa rula. Jina. Nyumba. Alichotoa. Sahihi.

Hakuna ugeni wowote hapo. Mjini tunasaidiana kwa kuandikana. Kadi ya mchango wa harusi ikifika nyumbani, mzazi anafungua daftari lake la zamani aone wale watu walitoa ngapi binti yake alipoolewa. Kwenye msiba kuna meza, kuna mtu makini, kuna orodha ya rambirambi inayosomwa watu wakishakula. Anayesema haya ni mambo ya kuhesabiana hajawahi kufiwa Dar es Salaam na mshahara haujatoka.

Nimelipitia lile daftari kwa ruhusa ya mwenye nalo. Limejaa vitu ambavyo visingekumbukwa na yeyote. Keni mbili za kumwagilia, moja inavuja. Kuazimisha reki. Chai ya rangi, birika kubwa. Kumshika mtoto mama yake akilima. Kufungua kabureta ya pampu na kuosha kwa petroli. Mbegu za mchicha, kikombe, ambazo mtu alikuwa ameziacha zikauke kwenye mmea wake uani kwa mapishi mengine kabisa.

Na vikonyo vya matembele. Hilo liko mara nyingi, kwa miandiko tofauti ya sahihi. Matembele ndiyo mboga ya baada ya balaa: hayahitaji mbegu wala kitalu, unakata vikonyo vya urefu wa kiganja, unachomeka kwenye udongo wenye unyevu, na baada ya mwezi unachuma. Na vikonyo vile vilitoka kwenye nyua za watu ambao miaka iliyopita walivikata bustanini, wengine kwa kuomba, wengine bila kuomba. Maji yaliichukua bustani, lakini nakala zake zilikuwa zimeshasambaa mtaa mzima, kwenye makopo na matairi.

Aliyeleta vingi kuliko wote ni dada mpangaji wa chumba kimoja, mgeni mtaani, ambaye hakuna aliyekuwa akimjua zaidi ya salamu. Ameandikwa kwenye kurasa tatu. Nitarudi kwake.

Mbuzi

Yule mzee ana mbuzi. Sitataja wangapi, wanaongezeka.

Kanuni za kilimo cha mijini zipo tangu 1992 na zinataka mifugo ifungiwe. Mbuzi wake hawajazisoma. Kabla ya mafuriko walikuwa wanapita kwenye tundu la wigo, wanakula ncha za matembele, wanaondoka kwa starehe zao. Kesi zilifika serikali ya mtaa, zikaisha kwa kusuluhishwa, zikaanza upya. Kuna wanachama walikuwa hawasalimiani naye.

Kisha akaja na samadi.

Asiyelima anaweza asielewe uzito wake. Udongo mpya, hata ukiwa na rutuba, hauna uhai wa kutosha. Unashikana, unapitisha maji vibaya. Samadi ya kuku ingepatikana kwa urahisi, mabanda yapo kila kona, lakini ikiwa mbichi inaunguza miche, inabidi ikae wiki nyingi ioze. Yeye alileta ya mbuzi iliyozeeka, nyeusi, nyepesi, isiyonuka, imekaa nyuma ya nyumba yake tangu mwaka uliotangulia. Ilikuwa tayari kuchanganywa siku hiyo hiyo. Bila ile, zile siku chache za udongo mzuri zingepita.

Kikundi kilitaka kumshukuru, naye hakutoa pa kushukuria.

Hapo ndipo tafsiri zilipoanza. Wapo waliosema ni woga tu, na woga wenye sababu: bondeni kuandikwa si jambo la furaha. Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilipigwa X nyekundu, na bomoabomoa ikafuata. Mzee wa umri wake ameshaona jina lake kwenye orodha zisizo na heri. Wengine walisema ni kiburi, hataki ionekane amepatana. Fundi wa pampu alikuwa na yake, na aliisema kwa sauti ya chini: deni lililoandikwa lina kiwango, unalilipa unalifuta. Hili lisiloandikwa utalilipa mpaka lini?

Matembele yalipochipua, mbuzi walirudi. Nilikuwepo. Majike wawili na dume mmoja mwenye pembe iliyovunjika walishuka taratibu, hakukuwa na wigo wa kuwazuia, wakaanza mstari wa mwisho. Yule dume alikuwa anavuta kikonyo kizima, mizizi inatoka na udongo, anakitafuna kuanzia kwenye jani akielekea chini. Akina mama wanne walikuwa na majembe mikononi. Wakaangaliana. Kabla ya mafuriko wangekuwa wameshapiga mayowe mpaka Segerea wakasikia.

Mmoja akasema, “Shii,” kama anayembembeleza mtoto alale. Mbuzi hawakumjali.

Pampu ya baiskeli

Nilimfuata mzee kwake na pampu ya baiskeli, kwa ajili ya lile tairi. Sikutumwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umetumwa na akina mama?”

Nikasema hapana. Hakuamini, lakini tairi alinipa. Nilipokuwa napampu akaanza mwenyewe, bila kuulizwa, akiwa ameketi kwenye tofali.

Alisema mke wake alipofariki alikabidhiwa daftari la rambirambi siku ya matanga. Alilisoma usiku ule kwa sababu usingizi haukuja. Akajikuta anahesabu: huyu katoa kiasi hiki, huyu hakutoa, huyu mbona kidogo. Amekaa Tabata tangu enzi za dampo, tangu wakazi walipoipeleka Halmashauri ya Jiji mahakamani mwaka 1988 kwa ajili ya dampo hilo na mahakama ikawasikiliza, na anasema hakuwahi kuwahesabu majirani zake mpaka usiku ule. Na alipomaliza ukurasa wa mwisho akagundua kwamba vijana waliochimba kaburi, kwenye mvua, hawamo. Hakuna aliyewaza kuwaandika.

“Sasa mwanangu, kitabu hicho kinasema kweli?”

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza habari ya mbuzi.

“Mbuzi ni mbuzi,” alisema.

Wakati tunazungumza wawili walikuwa wanateremka kuelekea bondeni, na yeye aliwaona kama mimi nilivyowaona.

Nilimpelekea mama katibu maneno yale, nikitarajia atayaona mazuri. Aliyasikiliza yote akiwa anafunga mafungu. Kisha akaniuliza kama najua dada wa vikonyo ameshapewa matuta mawili.

Sikujua. Mwanachama mmoja alikuwa amejitoa baada ya mafuriko, akarudi kwao Korogwe, na kikao kilipojadili nani achukue nafasi yake, mtu alifungua daftari. Jina la yule mpangaji lilikuwa kwenye kurasa tatu. Hakukuwa na wa kumpinga, na hakuhitaji mtu wa kumdhamini. Hana ndugu hapa, hana nyumba, mwenye nyumba akipandisha kodi anahama, na mtaa mzima utakuwa umemsahau kabla ya mwezi kwisha.

“Mzee haandikwi kwa sababu sote tunamjua,” alisema mama katibu. “Akilala njaa tutasikia. Huyu binti nani angemkumbuka?”

Nimelizungusha hilo kichwani tangu siku hiyo. Maneno ya mzee ndiyo matamu zaidi, na kama ningekuwa naandika mahubiri ningeishia nayo. Lakini kukataa kuandikwa ni jambo analoliweza mwenye miaka 40 mtaani. Sisi tuliobaki, wapangaji, wahamiaji, vijana wa mchanga ambao kila mtu anawaona wezi, tunahitaji mtu aandike kwamba siku ile tulikuwepo. Yule kijana aliyerekebisha herufi ya jina lake alilijua hilo kabla yangu. Na waliochimba kaburi kwenye mvua, kosa si la daftari kuwepo. Ni la aliyeshika kalamu kutotoka nje ya hema.

Kwa hiyo niko na mama katibu. Ila sijaacha kumpelekea mzee pampu.

Hali ilivyo

Mchicha wa kwanza umeshauzwa, na wa pili uko usawa wa kifundo cha mguu. Chainizi imeshambuliwa na wadudu. Kisima kinatoa maji, kidogo, na fundi anataka kukiongeza kina.

Wigo haujarudi. Kikao cha mwisho kilijadili mbuzi kwa saa nzima bila mtu kuwataja mbuzi, wakisema tu “lile suala”. Hatimaye mama wa wiki nne akasema kwamba badala ya kuizungushia bustani yote, ni rahisi kuwazungushia mbuzi, yaani kikundi kimjengee mzee banda, majani ya palizi na mabaki ya mboga yapelekwe pale kila jioni, na samadi yote ishuke bondeni. Nguzo zimepatikana. Mabati bado. Mzee ameambiwa, hajakubali na hajakataa, lakini amepaonyesha mahali ambapo jua halipigi mchana. Kuna ubishi unaoendelea juu ya nani alipie misumari, na kama banda litaandikwa kwenye daftari kama msaada, mkopo au malipo ya samadi. Mama katibu anashikilia malipo. Fundi wa pampu anasema andikeni “banda” tu, basi.

Vuli haiko mbali, na ukingo unatakiwa kuinuliwa kwa viroba vilivyojazwa udongo. Kama uko maeneo ya Tabata na una viroba vitupu, vya unga, vya sukari, hata vilivyotoboka kidogo, vishushe bondeni asubuhi yoyote. Utaulizwa jina na nyumba, na sahihi unaweka pale pale.